TUSIWAACHE NJIANI WATOTO WETU WANAOSOMA SHERIA
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika harambee ya mwaka, iliyosomwa mbele ya wanachama na wageni, Suma, Rungwe



Kamati ya Elimu tunashukuru kupewa nafasi hii. Kila mwaka tunaposimama hapa huwa tunasoma majina ya watoto wetu walioingia vyuo vikuu. Nanyi hupiga vigelegele, na mtoto husimama akapigiwa makofi. Mwaka huu tumeomba ruhusa ya Mwenyekiti tuseme habari ya wale ambao majina yao yalisomwa hapa miaka iliyopita, tukapiga makofi, halafu hatukuyasikia tena. Hasa tunataka kusema juu ya wanafunzi wa sheria, kwa sababu huko ndiko tulikopata maumivu, na huko ndiko tumejifunza jambo tunalotaka kuliombea mchango leo.

Huenda mtu akauliza, kwa nini sheria? Ndugu zetu, hakuna ukoo hapa usiojua kesi ya ardhi. Mpaka wa migomba, shamba la chai la marehemu, njia ya ng'ombe iliyozibwa, mjane anayeambiwa aondoke. Zamani mambo haya yaliamuliwa na Baraza la Kata. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha. Usuluhishi ukishindikana, safari ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya pale Tukuyu, na rufaa ni Mahakama Kuu, Mbeya. Huko mtu wetu anafika akiwa na haki yake mkononi lakini hajui aandike nini, wala ndani ya siku ngapi. Tunahitaji watoto wetu wanaoijua sheria na wanaoijua Suma. Tulipeleka watoto kwa sababu hiyo, na baadhi yao wamekwama.

Tuanze na jambo ambalo nchi nzima ililisikia. Mtu akishapata shahada ya sheria hajawa wakili bado. Ni lazima apite Shule ya Sheria kwa Vitendo Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007 na iliyopo Dar es Salaam, ndipo aweze kuapishwa na Jaji Mkuu. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja la shule hiyo yalitikisa nchi. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342. Waliosimamishwa moja kwa moja walikuwa 265. Serikali iliunda kamati ya kuchunguza, ikiongozwa na jirani yetu Dkt. Harrison Mwakyembe, aliyekuwa Mbunge wa Kyela na aliyewahi kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Mnakumbuka mjadala uliokuwepo. Wengine walilaumu vyuo vikuu, wengine waliilaumu shule yenyewe, wengine walilaumu lugha, wengine wakasema vijana wa siku hizi ni wavivu. Sisi hatukuja hapa kumhukumu mtu. Tulichojiuliza kwenye kamati yetu ni hiki: je, watoto wetu wakiwa kwenye hesabu ya namna ile, sisi tuliowapigia makofi tuko wapi? Tulipojichunguza, tuligundua kwamba hatukuwepo.

Tutawasimulia habari za wawili. Majina hatuyataji. Mmoja wao ameturuhusu tuseme, na wa pili tulizungumza na mama yake.

Wa kwanza ni binti yetu. Alipochaguliwa kusoma sheria, chama kilichangia godoro, nauli na sehemu ya ada ya mwaka wa kwanza. Kanisani alitangazwa. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwita jina lake. Kila mtu alimwita "wakili". Akija likizo, wazee wanamletea barua za kesi azisome. Mwaka wa pili alifeli masomo matatu. Wanafunzi huiita "sapu", yaani mitihani ya marudio. Hakumwambia mtu. Krismasi ile hakuja nyumbani, akasema yuko kwenye mafunzo. Krismasi iliyofuata pia hakuja. Kumbe alikuwa Mbeya mjini, saa moja na kidogo kutoka hapa, amekaa chumbani, anaogopa kupanda gari la Tukuyu kwa sababu stendi tu ataitwa "wakili".

Ndugu zetu, aliyemfungia binti yule chumbani ni sisi. Tulimpa cheo kabla ya kazi. Tulimpa godoro, tukamnyima mtu wa kumwambia ukweli.

Wanakamati wawili walipomfikia, walienda na mzee wetu mmoja ambaye ni hakimu mstaafu. Mzee yule hakumuuliza kwa nini amefeli. Alimwambia, "Mwanangu, nitakupa kesi ya hapa kwetu, uniandikie jibu." Akamtungia swali: Mzee fulani wa Suma ana miti ya parachichi za Hass. Amekuja wakala, wamekubaliana bei zikiwa bado mtini, mzee amepokea malipo ya awali ya shilingi 200,000, mashahidi wapo. Wiki mbili baadaye amekuja wakala mwingine na bei kubwa zaidi, mzee amemuuzia huyo. Wakala wa kwanza anataka kushtaki. Mshauri.

Binti aliandika kurasa nne. Alieleza mkataba ni nini, aina za mikataba, historia ya sheria ya mikataba kutoka kwa Waingereza, vifungu karibu vyote vya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, alivyovikariri bila kukosea. Mzee akasoma zote, akavua miwani, akauliza, "Sasa wakala alipwe au asilipwe?" Jibu halikuwemo. Kwenye kurasa nne, yule mzee wa parachichi alitajwa mara moja tu.

Hapo ndipo tulipoelewa. Mtoto huyu si mjinga wala si mvivu. Kichwani amejaza sheria nyingi kuliko sisi sote tuliopo hapa. Alichokosa ni mtu wa kukaa naye na kumwonyesha namna ya kujibu. Kwenye ukumbi wa mihadhara wanakaa mamia, mwalimu mmoja hawezi kushika daftari la kila mmoja. Watoto wenye mjomba wakili au shangazi hakimu hufundishwa jambo hili mezani, wakati wa chakula. Wa kwetu mezani hakuna wakili.

Mzee alimfundisha hatua nne, nasi tumezijua zote. Kwanza, uliza jambo linalobishaniwa ni lipi: je, mzee na wakala wa kwanza walikuwa na mkataba? Pili, taja sheria inayohusu jambo hilo peke yake: kifungu cha 10 kinasema makubaliano huwa mkataba yakifanywa kwa hiari, na watu wenye uwezo kisheria, kwa kubadilishana kitu halali na kwa kusudi halali. Tatu, chukua sheria hiyo uilaze juu ya mambo yaliyotokea: hakuna aliyelazimishwa, wote ni watu wazima wenye akili timamu, fedha ilipokelewa, parachichi ni mali halali. Nne, toa jibu: mkataba ulikuwepo, mzee ameuvunja, na kwa kifungu cha 73 wakala anaweza kudai fidia ya hasara aliyoipata. Kisha ongeza ni jambo gani likibadilika jibu nalo litabadilika. Ukurasa mmoja na nusu unatosha.

Kwa miezi mitatu, kila Jumamosi, binti aliandika jibu moja. Alilipiga picha kwa simu akamtumia mzee, naye alisahihisha kwa kalamu nyekundu akamrudishia picha. Mzee alimwambia asome pia hukumu zenyewe, ambazo Mahakama ya Tanzania inaziweka bure kwenye mtandao wa TanzLII, na kila hukumu aiandike upya kwa sentensi tano: nani alimshtaki nani, kwa sababu gani, swali lilikuwa nini, jaji aliamua nini, na kwa nini. Mitihani ya marudio ilipofika alifaulu miwili. Wa tatu ulimshinda, akaurudia mwaka uliofuata, akaupita. Sasa yuko mwaka wa mwisho. Bado ana safari, na hatutamwita wakili mpaka siku ile Jaji Mkuu atakapomwapisha.

Habari ya pili ni fupi na ni nzito. Ni kijana wetu aliyemaliza shahada vizuri na kufika hatua ya mwisho, ile ya vitendo. Pale maswali si ya kueleza tena. Mwanafunzi anaambiwa aandike hati ya madai, hati ya kiapo, mkataba wa kuuza shamba, kama anavyoandika wakili ofisini. Kijana huyu alikuwa hajawahi hata kukaa ndani ya ofisi ya wakili. Fedha ya kula hakuwa nayo, akawa anafanya kazi ya ulinzi usiku na kwenda darasani asubuhi. Sisi tulidhani ameshavuka, kwa sababu shahada alikuwa nayo, tukahamishia macho kwa wadogo. Habari ilitufikia akiwa tayari "amedisko", kama wenyewe wanavyosema, yaani ameondolewa masomoni. Tulimtafuta tukiwa tumechelewa. Leo ananunua na kuuza viazi, na kazi hiyo ni ya heshima. Lakini miaka yake, fedha ya mama yake aliyeuza ng'ombe wawili wa maziwa, na mchango wenu ninyi, vyote viliishia hatua chache kutoka mlangoni. Mama yake alituambia neno moja: "Mngeniuliza mapema, ningewaambia mwanangu halali."

Tunasema wazi kwamba kosa lile lilikuwa la kamati. Hatukuuliza.

Jambo hili halipo kwetu tu. Kenya wana kilio hicho hicho kwenye mitihani ya mawakili, na Uganda pia, kwenye kituo chao cha mafunzo ya sheria kilichoanzishwa Kampala mwaka 1970. Marekani, mwaka 1968, lilianzishwa baraza linaloitwa CLEO kwa ajili ya vijana wa jamii zilizokuwa zimebaguliwa na maskini waliotaka kusoma sheria. Walichofanya ni kuwakusanya vijana wakati wa kiangazi, kabla chuo hakijafunguliwa, wakawasomesha namna ya kusoma kesi na kuandika jibu. Hawakusubiri wafeli ndipo wawasaidie.

Kwetu kuna ugumu mwingine, nao ni lugha. Mtoto wa hapa anaanza maisha kwa Kinyakyusa, anasoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari anahamia Kiingereza, na akifika chuo anakutana na Kiingereza cha majaji. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, nasi tunafurahi, maana siku moja mjane wetu ataisoma hukumu yake mwenyewe. Lakini hukumu za miaka mingi na vitabu vya sheria vimeandikwa kwa Kiingereza, na mtoto anayefanya mtihani mwaka huu hawezi kungoja vitafsiriwe. Anahitaji kusaidiwa sasa.

Kwa hiyo, ndugu zetu, mpango tunaouleta mbele yenu ni huu.

Kwanza, darasa la matayarisho. Kidato cha sita wanamaliza mitihani mwezi wa tano, vyuo vinafunguliwa mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Katikati hapo watoto wako nyumbani. Tunataka wiki nne za kusoma na kuandika hapa kwetu, kwa wote wanaokusudia sheria, na mlango uwe wazi hata kwa wanaokwenda kozi nyingine. Walimu wetu wa Kiingereza wamekubali kujitolea. Tunachohitaji ni chakula cha mchana, karatasi, nakala za sheria chache za msingi na nauli ya wageni watakaokuja kufundisha.

Pili, mlezi. Kila mwanafunzi wetu wa sheria atapewa mtu mzima mmoja, wakili, hakimu, mwanasheria wa ofisi au mwalimu, atakayempigia simu kila baada ya wiki mbili. Tumewaomba walezi wasiulize "Unaendeleaje?", kwa maana jibu lake ni "Vizuri" siku zote. Waulize, "Umeandika nini wiki hii? Nitumie nione." Na waulize, "Unalala wapi? Umekula?"

Tatu, nafasi za kujifunza kazi. Mawakili mliopo hapa leo, na wale mlioko Mbeya na Dar es Salaam, tunawaomba kila mmoja ampokee mtoto mmoja wakati wa likizo, akae kwenye kiti cha nyuma, aone hati ya madai inavyoandikwa. Hili halihitaji fedha.

Nne, mfuko wa dharura. Bodi ya Mikopo sasa inatoa mikopo pia kwa wanaosoma hatua ya vitendo, na kamati itawasaidia watoto kujaza maombi kwa wakati. Lakini mkopo haumfikii kila mtu, wala hauji siku ambayo kodi ya chumba inadaiwa. Mfuko huu utakuwa wa ada ya mitihani ya marudio, chumba na chakula kwa muda mfupi, ili asiwepo tena mtoto anayelinda usiku wakati wenzake wanasoma.

Tano halina gharama, ila ndilo gumu kuliko yote. Mwanafunzi wetu akifeli somo, aseme ndani ya wiki moja. Nasi tukiambiwa, tusimseme vibaya, tusimtangaze, wala tusimlinganishe na mtoto wa jirani. Mtoto akijua kwamba akisema atasimangwa, atanyamaza, na akinyamaza hatuwezi kumsaidia. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia, lakini aliyepotea akijificha msituni hakuna atakayemwonyesha.

Wapo wazee waliotuuliza swali la haki kabisa: mnatakaje fedha za kumsaidia aliyefeli, wakati shule ya msingi ina upungufu wa madawati? Tunajibu hivi. Fedha ya madawati ina mfuko wake na hatutaigusa. Mweka Hazina yupo, atawaonyesha vitabu. Pili, mtoto aliyefika mwaka wa pili wa sheria tumeshamlipia miaka kumi na mitano ya shule. Kumwacha aanguke kwa kukosa miezi mitatu ya kusahihishiwa madaftari ni kama kulima, kupanda na kupalilia, halafu kuacha mahindi yaozee shambani kwa kukosa gunia. Tatu, hatumbebi mtu. Mtihani ataufanya mwenyewe. Anayepewa mlezi halafu haandiki, baada ya kuonywa mara mbili nafasi yake itachukuliwa na mwingine.

Na tuseme hili pia. Si kila aliyeanza sheria atakuwa wakili, hata akisaidiwa. Wapo watakaoona njia nyingine inawafaa. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na mtu mwenye elimu ya sheria anaweza kuwatumikia watu wa kata yake kwa namna hiyo, au akaenda kwenye utumishi na biashara. Kazi ya mlezi ni kumwambia mtoto ukweli huo mapema na kwa upole, kabla hajapoteza miaka.

Sasa tunakuja kwenye ombi. Kwenye ukurasa wa nyuma wa kijitabu hiki kuna fomu ya ahadi. Anayeweza shilingi 5,000 kwa mwezi, aandike. Anayeweza kulisha darasa la matayarisho siku moja, aandike. Mwenye mkungu wa ndizi, debe la viazi au lita za maziwa kwa ajili ya chakula cha darasa, aandike, maana hivyo navyo ni fedha. Mwenye chumba Mbeya au Dar es Salaam kinachokaa bure, aandike. Mwenye kitabu cha sheria anachokitunza tu kabatini, akilete. Na aliye mwanasheria, hata kama hana shilingi leo, aandike jina lake na namba yake ya simu kwenye safu ya walezi. Mchango wake ndio tunaouhitaji kuliko wote.

Kamati tunaahidi mambo mawili. Mwakani tutasimama hapa na hesabu ya kila shilingi. Na pamoja na majina ya walioingia vyuo, tutawasomea taarifa ya wote walioko njiani, bila majina: wangapi wameandika, wangapi wamekwama, wangapi wamenyanyuka.

Mkono mmoja haulei mwana. Yule binti yetu yuko hapa leo. Amekuja kwa gari la asubuhi kutoka Mbeya, na alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni kuwasaidia mama zetu. Mkikutana naye, mwiteni kwa jina lake.